Émile Zola na moto uliomuua chumbani: Somo kwa wanaolala na jiko la mkaa

Kila baridi inapoingia katika mikoa ya nyanda za juu, kuanzia Njombe na Mbeya hadi Lushoto na Arusha, habari za watu waliokutwa wamefariki chumbani wakiwa na jiko la mkaa hurudi tena. Majirani husema jioni walikuwa wazima, walikula wakalala. Mlango umefungwa kwa ndani, madirisha yamefungwa, hakuna jeraha wala kilichoibwa. Kilichobaki ni jiko lenye majivu.

Kifo cha namna hiyo hakichagui maskini wala tajiri, msomi wala asiyesoma. Mwaka 1902 kilimchukua Émile Zola, mmoja wa waandishi wa riwaya waliosomwa sana duniani wakati wake, akiwa chumbani kwake jijini Paris, Ufaransa. Leo tuyatazame maisha yake na usiku wake wa mwisho, kwa sababu makosa ya usiku ule bado yanafanyika katika nyumba zetu.

Mtoto wa mhandisi wa maji

Zola alizaliwa Paris tarehe 2 Aprili 1840. Baba yake, Francesco Zola, alikuwa mhandisi mzaliwa wa Venice, Italia, na mama yake, Émilie Aubert, alikuwa Mfaransa. Mwaka 1843 familia ilihamia Aix-en-Provence, mji wa kusini mwa Ufaransa, ambako baba alikuwa na mpango wa kujenga bwawa na mfereji wa kuwapatia wakazi maji. Mwaka 1847, kazi ikiwa changa, baba aliugua ghafla akafariki. Émile alikuwa hajatimiza miaka saba, na mama alibaki mjane mwenye hali ngumu ya fedha.

Shuleni huko Aix alipata rafiki aliyekuja kuwa mchoraji mkubwa, Paul Cézanne. Mwaka 1858 Émile alimfuata mama yake Paris. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa kumaliza sekondari akafeli, akarudia akafeli tena. Ikawa miaka ya kuhangaika: kazi ya ukarani aliyoiacha baada ya muda mfupi, vyumba vya bei rahisi, njaa na baridi. Mwaka 1862 alipata kazi katika kampuni ya vitabu ya Hachette, akianzia kufunga vifurushi na baadaye kusimamia matangazo. Mwaka 1866 aliiacha ili aishi kwa kalamu yake, na mwaka 1870 alimwoa Alexandrine Meley.

Kuanzia 1871 hadi 1893 alitoa riwaya 20 zinazofuatana, zikieleza vizazi vya familia moja. Riwaya yake ya mwaka 1877, L'Assommoir, ilionyesha jinsi ulevi unavyoibomoa nyumba ya mfanyakazi, na ndiyo iliyomletea utajiri. Mwaka 1884 alikwenda Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, wachimbaji wa makaa ya mawe wakiwa kwenye mgomo, akateremka mgodini kujionea kazi yao. Mwaka uliofuata ikatoka Germinal, riwaya ya wachimbaji hao ambayo inasomwa hadi leo.

Mpenzi wa sayansi

Zola hakuwa mtu wa kudharau elimu ya tiba. Alimheshimu sana Claude Bernard, mwanasayansi wa Ufaransa ambaye kitabu chake cha mwaka 1865 kilifundisha madaktari kuthibitisha mambo kwa majaribio badala ya kukisia. Mwaka 1880 Zola alichapa insha ndefu akitetea kwamba mwandishi wa riwaya naye awachunguze binadamu kwa mtindo huo. Hata mwili wake aliutoa uchunguzwe: mwaka 1896 daktari Édouard Toulouse alichapisha kitabu kizima kuhusu vipimo vya mwili na akili ya Zola, kwa ridhaa yake mwenyewe.

Bernard huyohuyo ndiye aliyeeleza, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1857, namna gesi ya kaboni monoksaidi inavyoua. Alionyesha kwamba gesi hiyo huingia kwenye damu na kuifukuza oksijeni. Kwa hiyo hatari iliyomuua Zola ilikuwa imeshaelezwa na mtu aliyemheshimu, zaidi ya miaka 40 kabla. Elimu ilikuwapo vitabuni, lakini haikuwa imefika chumba cha kulala.

Barua iliyomtia matatani

Mwaka 1894 jeshi la Ufaransa lilimhukumu ofisa wake, Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, kwa kosa la kuuza siri za nchi. Alipelekwa kufungwa kisiwani, mbali, Amerika ya Kusini. Ushahidi ulipoanza kuonyesha kwamba hakuwa na hatia, wakubwa wa jeshi walikataa kukiri kosa. Tarehe 13 Januari 1898 Zola alichapisha barua ya wazi kwa Rais Félix Faure katika gazeti la L'Aurore, akiwataja kwa majina waliohusika.

Nchi iligawanyika. Zola alishtakiwa kwa kashfa akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya faranga 3,000. Umati ulimzomea nje ya mahakama na barua za vitisho zilimiminika. Julai 1898 alikimbilia Uingereza, akaishi huko kwa kujificha hadi Juni 1899. Dreyfus alipata msamaha wa Rais mwaka huo, ingawa kusafishwa kwa jina lake kulisubiri hadi 1906.

Zola alirudi kwenye kazi yake akiwa na maadui wengi. Alikuwa na mke, na pia watoto wawili wadogo, Denise na Jacques, aliozaa na Jeanne Rozerot. Alikuwa na vitabu alivyopanga kuandika. Kisha ukaja usiku mmoja wa baridi.

Usiku wa Septemba 28

Jumapili tarehe 28 Septemba 1902, Zola na Alexandrine walirudi nyumbani kwao Paris kutoka Médan, kijiji walikokuwa na nyumba ya mapumziko. Nyumba ya mjini ilikuwa imekaa bila watu na ilikuwa na ubaridi. Mtumishi aliwasha moto kwenye meko ya chumba cha kulala, akitumia vitonge vilivyotengenezwa kwa vumbi la makaa ya mawe. Dohani, yaani bomba linalotoa moshi juu ya paa, haikuvuta vizuri. Moto ulififia lakini haukuzimika kabisa. Madirisha yalikuwa yamefungwa, mlango ukafungwa, wakalala.

Usiku wa manane Alexandrine aliamka kichwa kikimuuma na tumbo likimchafuka. Alijikokota hadi chumba cha kuogea, akakaa huko kwa muda, akarudi kitandani. Zola naye aliamka akiwa hajisikii vizuri, na hata mbwa waliolala nao walionekana kuumwa. Alexandrine alitaka kuwaita watumishi. Zola alikataa kuwasumbua. Alidhani ni chakula walichokula, na kwamba asubuhi wangekuwa wazima. Akainuka, pengine aende kufungua dirisha, miguu ikamwishia nguvu, akaanguka. Mkewe alimwona lakini hakuweza kunyanyua mkono kupiga kengele, naye akapoteza fahamu.

Asubuhi watumishi waliona kimya kimezidi. Mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Zola alikutwa sakafuni, na juhudi za kumpumulisha hazikufaulu. Alikuwa na umri wa miaka 62. Alexandrine alikuwa hai kitandani, akapelekwa hospitali, akapona na kuishi hadi 1925. Mbwa nao walipona.

Wachunguzi wa serikali walirudi chumbani, wakawasha moto uleule na kuwaacha humo wanyama wadogo wa majaribio aina ya simbilisi. Asubuhi waliwakuta hai. Dohani ilikuwa na masizi na vifusi, lakini kilichoiziba usiku ule hakikuthibitishwa, na kifo kikahesabiwa kuwa ajali. Mwaka 1953 gazeti moja la Ufaransa lilichapa simulizi kwamba fundi aliyemchukia Zola aliiziba dohani kwa makusudi na kuizibua alfajiri. Madai hayo hayakuwahi kuthibitishwa. Kwa afya ya familia yako jambo hilo halibadilishi kitu, kwani gesi haijali dohani imezibwa na adui, na masizi au na kiota cha ndege.

Katika mazishi yake tarehe 5 Oktoba 1902 maelfu walijitokeza, wakiwamo wachimbaji wa makaa ya mawe waliotembea wakilitaja jina la riwaya aliyowaandikia. Mwaka 1908 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, jengo ambamo Ufaransa huwazika mashujaa wake.

Gesi hii inauaje?

Kaboni monoksaidi hutokea kitu chochote chenye kaboni kinapoungua bila hewa ya kutosha: mkaa, kuni, makaa ya mawe, mafuta ya taa, petroli, dizeli, hata gesi ya kupikia. Si sawa na hewa ukaa tunayoitoa tunapopumua. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho au koo. Moshi ukikuwasha utakimbia, lakini gesi hii haikupi sababu ya kukimbia.

Ndani ya damu kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini kote. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama daladala ambayo viti vyake vyote vimekaliwa na watu wasiotaka kushuka: gari linatembea, lakini abiria halali hapati nafasi. Mtu anaendelea kupumua huku ubongo na moyo vikikosa oksijeni.

Ndiyo maana dalili za kwanza hudanganya. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea, moyo kwenda mbio. Mgonjwa hudhani ni malaria, chakula kibaya au uchovu, kama Zola alivyodhani. Baadaye akili huchanganyikiwa. Mtu anaweza kujua kwamba hali ni mbaya lakini akashindwa kuamua, na akiamua miguu haimtii. Aliyelala usingizini huenda asipate hata nafasi hiyo.

Watoto wadogo hupumua haraka kuliko watu wazima, hivyo huathirika mapema. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma. Atalia, atakataa kunyonya au atalegea. Kwa mama mjamzito hatari ni maradufu, kwani gesi huvuka kondo la nyuma na kukaa kwenye damu ya mtoto aliye tumboni kwa muda mrefu zaidi. Mama anaweza kupata nafuu huku mtoto bado yuko hatarini. Wazee, wenye ugonjwa wa moyo na wenye upungufu wa damu nao huumia upesi.

Imani zinazoua

Wapo wanaoamini kwamba mkaa ukishawaka ukawa mwekundu na moshi ukaisha, jiko ni salama kuingizwa ndani. Si kweli. Kaa jekundu lisilo na moshi linaendelea kutoa kaboni monoksaidi, na moto unaofifia kwenye chumba kilichofungwa ni wa hatari sana. Mkaa mbadala unaotengenezwa kwa vumbi au mabaki ya mimea unaweza kupunguza moshi, lakini nao hutoa gesi hii. Kumbuka kwamba vitonge vilivyowashwa chumbani kwa Zola vilikuwa vya vumbi la makaa.

Wengine huweka beseni la maji chumbani wakidhani litanyonya sumu. Maji hayafanyi kazi hiyo. Wengine husema anayelala kitandani yuko salama kwa kuwa gesi hukaa chini. Kaboni monoksaidi ni nyepesi kidogo kuliko hewa ya kawaida na huchanganyika nayo, hivyo hukifikia kitanda na sakafu. Na kuna wanaosema wamelala na jiko miaka mingi bila kudhurika. Wale simbilisi nao waliamka wazima, katika chumba kilekile na meko ileile. Upepo, dirisha lililozibwa zaidi, mkaa mwingi kuliko jana: kitu kidogo tu hubadilisha usiku mmoja.

Mfanye nini nyumbani

Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba wanamolala watu, hata kama limefifia. Pikeni nje au jikoni penye madirisha yaliyo wazi, na likimaliza kazi libaki nje. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi kulifanya liwe salama.

Mama aliyejifungua asiwekewe jiko chumbani ili yeye na mtoto wapate joto. Mtoto mchanga hupata joto zuri akiwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amevalishwa kofia na soksi na kufunikwa vizuri. Watu wazima waongeze nguo na mablanketi. Anayetaka kupasha chumba joto kwa jiko afanye hivyo watu wakiwa macho na madirisha yakiwa wazi, kisha alitoe kabla mtu yeyote hajalala.

Jenereta ikae nje kabisa, mbali na milango na madirisha, wala isiwekwe barazani, stoo au chini ya ngazi. Gari lisiachwe likiunguruma ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Hita ya maji inayotumia gesi ifungwe na fundi anayeijua, yenye bomba la kutolea hewa nje. Nyumba yenye meko na dohani, kama nyumba nyingi za zamani za sehemu za baridi, isafishwe dohani kila mwaka kabla ya msimu wa baridi. Vipo pia vifaa vidogo vinavyolia gesi hii inapozidi. Ukiweza, nunua kimoja ukiweke karibu na vyumba vya kulala na ukumbuke kubadili betri. Kifaa cha kutambua moshi hakifanyi kazi hiyo.

Mkihisi dalili

Shika kanuni hii: watu wawili au zaidi waliokaa chumba kimoja wakianza kuumwa kichwa au kichefuchefu kwa wakati mmoja, na ndani kuna kitu kinachowaka, wote watoke nje mara moja. Msianze kujadili mlichokula. Mfugo wa ndani akilegea nayo ni ishara. Dalili inayopungua mkitoka nje na kurudi mkiingia ndani inatosha kuwapa jibu.

Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, kisha piga kelele upate msaada. Usikae ndani kuzima jiko, kwani waokoaji wengi huanguka juu ya wale waliokwenda kuwaokoa. Kwa Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Akiwa anapumua mlaze ubavu. Kama hapumui, anayejua kukandamiza kifua na kumpumulisha aanze hapohapo. Usimnyweshe maziwa. Maziwa hayaondoi gesi kwenye damu, na aliyezimia yanaweza kumpalia.

Wapelekeni hospitali wote waliokuwa chumbani, hata anayesema amepata nafuu. Mwambieni mhudumu wazi kwamba mlilala na jiko, jenereta au hita. Bila kusema hivyo anaweza kuanza na kipimo cha malaria. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya kawaida wakati damu imejaa kaboni monoksaidi, kwa sababu vifaa vingi vya aina hiyo haviwezi kuzitofautisha. Kipimo cha damu ndicho kinachosema ukweli, na matibabu hayasubiri majibu yake.

Tiba kuu ni oksijeni nyingi kwa barakoa. Mtu akipumua hewa ya kawaida, huchukua kama saa nne hadi tano gesi iliyomo kwenye damu kupungua kwa nusu. Akipewa oksijeni hospitalini muda huo hushuka hadi kama saa moja au moja na nusu. Mjamzito huhitaji oksijeni kwa muda mrefu zaidi na mtoto wake kuchunguzwa.

Baada ya kuruhusiwa, mwangalieni mgonjwa kwa wiki kadhaa. Wapo wanaopona kisha, siku au wiki baadaye, wakaanza kusahau, kubadilika tabia, kutetemeka au kutembea kwa shida. Ukiona hayo, mrudishe hospitali na ueleze historia yake.

Zola alikataa kuwaamsha watu kwa sababu hakutaka kuwasumbua usiku. Nyumbani kwako waambie wote, pamoja na watoto na dada wa kazi, kwamba usiku wowote wakijisikia vibaya chumbani wakuamshe bila aibu. Na jioni ya leo, kabla hujazima taa, hakikisha jiko liko nje.